Ree ya Shupaza

Mbuzi wa Bi Rukaya aliila ree ya shupaza
baina ya adhuhuri na alasiri,
Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani,
wachezaji walipokwenda kusali
wakaiacha jozi barazani, imefunikwa kofia.

Zikabaki karata thelathini na tisa.
Wahedi na sitini utaihesabuje
kumi na moja zimo tumboni mwa mbuzi?

Ndipo Kibwana Semhando, mchora vibao,
akakata boksi la majani ya chai,
akapaka uji wa muhogo, akabandika karatasi,
na katikati akatia masizi
mwanga usipenye, jirani asichungulie.

Hakujua, na nani angemwambia,
kwamba London kulikuwa na chama cha mafundi karata,
wenye hati ya mfalme,
nao walibandika karatasi juu ya karatasi
kwa uji wa unga, wakazianika kambani kama nepi.
Wangechapa zote, isipokuwa ree ya shupaza.
Hiyo ilichapwa na watu wa kodi,
na aliyeighushi alinyongwa.
Alinyongwa kweli,
kwa jani moja jeusi.

Wao walichora moyo, sisi tukasema kopa,
kikombe cha Mreno aliyekwisha kwenda zake.
Mfalme wao tukampa namba, mzungu wa nne.
Bibi tukampa mbili, kijana wake tatu,
na mama, aliyekuwa akimimina kahawa,
kila siku aliuliza sheria hiyo kaileta nani.

Semhando alimgeuzageuza mzungu wa nne wa kopa,
upanga umemwingia kichwani.
"Fundi alikosea," akasema,
"na waliomfuata wakanakili kosa."
Akacheka peke yake, kicheko cha mtu
aliyewahi kuandika KINYOZI kwa herufi mbili za Z.

Jani akalipaka rangi iliyobaki ya kibao hicho.
Taji lilimshinda.
Chini, pale alipokumbuka palikuwa na jina la mtu,
akaandika la kwake: SEMHANDO, TANGA.

Hakunyongwa. Alinunuliwa kashata mbili.

Ila karata ilikuwa nene.
Mchangaji aliijua kwa kidole gumba,
mgawaji aliijua, aliyeipokea
alikaza uso bure, baraza zima inajua anayo.
Miaka miwili walicheza hivyo,
wakidanganyana kwa adabu,
na Mzee Gobore, aliyeipata mara nyingi kuliko wote,
alifungwa mara nyingi kuliko wote.

Kisha zikaja za plastiki, zinateleza, hazina jina.

Ile ya boksi imo kwenye kopo la vifungo vya mama.
Juzi umeme ulikatika, nikawa natafuta sindano
kwa kupapasa.
Nikaigusa.
Kumi na moja, nikasema gizani,
na hakuna aliyekuwa akicheza.