Upana wa Kidole

Weka kalamu kwanza, Chilumba.
Fomu yako inauliza: bati ngapi?
Hapa Newala hatuanzi na bati,
tunaanza na maji.

Njoo huku kisimani, inua mfuniko.
Usiku ule mvua ilipiga mpaka mbuzi wakanyamaza,
na asubuhi kisima kimeamka
na maji ya kufika kwenye kifundo cha mguu.
Hapo ndipo nilipojua paa lina neno,
kabla sijainua kichwa.

Sasa inua. Kinga macho, jua kali.
Yale matundu mawili juu ya jiko usiyaandike.
Hayo ni mawe ya Bakiri, alipokuwa darasa la tatu,
akifukuza tumbili kwenye makopa.
Tumbili walikimbia, bati halikuweza.

Na kutu ile, inayoshuka
kama wanja kwenye shavu la mfiwa, ni ya miaka.
Bati jepesi, geji thelathini;
tulilinunua msimu ule korosho zilipokopwa
na stakabadhi zikakaa kwenye kopo la chai
hadi mende wakazisoma wakazimaliza.
Usinionee huruma kwa kutu.

Ile kofia ya paa, iliyojikunja kama sikio la mbwa:
hiyo andika.
Upepo tuliouzoea hupapasa ukapita.
Huu ulipanda kutoka bonde la Ruvuma
ukaingiza vidole chini ya kofia,
ukavuta,
kama mtu anayejua funguo zinafichwa wapi.
Misumari minne imeng'oka.
Mipira yake nimeiokota kwenye mihogo,
hii hapa, ihesabu.

"Mama," unasema, na sauti unaishusha,
"nitaandika yote kimbunga. Nani atapanda kuangalia?"
Ahsante. Una mkono wa mama yako,
aliyekuwa akipima kibaba cha mchele
kisha anaongeza konzi.
Lakini chini ya paa hili nimelala miaka ishirini na mitatu.
Nikilisingizia mchana,
usiku nitalitazamaje?

Na lile kubwa hujaliona.
Ingia ndani. Usivue viatu, sakafu ni tope.
Funga mlango.
Subiri, macho yazoee.
Tazama pale ukuta unapokutana na mbao:
unaona uzi wa mwanga?
Mwembamba, ungedhani buibui amepita.
Juzi haukuwapo.

Nililala hapa, chini, nimemfunika mjukuu kwa mgongo wangu,
nikazisikia kenchi.
Kelele zilikuwa nje. Ndani
nyumba ilivuta pumzi, ikaizuia,
na kwa muda wa kutamka shahada mara moja
hatukuwa na paa.
Lilikuwa limesimama hewani, halijaamua.

Kisha likaketi tena.
Si mahali pake.
Upana wa kidole, upande wa kushoto.

Ndiyo maana mfereji unamwaga pembeni ya bomba,
unanywesha magugu,
na kisima kina kiu wakati wa masika.
Wapita njia wananipa pole za furaha:
Binti Nambunga, umenusurika, paa lako lipo!
Lipo, ndiyo.
Kama mtu aliyetoka hospitali Ndanda,
anacheka, anaulizia majirani,
ila kikombe akikishika kinagonga kisahani.

Haya, chukua kalamu.
Bati: moja, lile la pembeni lililochanika.
Kofia: moja.
Misumari: minne.
Halafu pale chini palipoandikwa Maelezo Mengine,
mstari mmoja tu wamekupa, na mfupi,
andika: kidole.

Wakiuliza kidole gani,
waambie waje mchana
wafunge mlango.