Siku Mbili Rattenberg

Bi Notburga, mwenye nyumba, alituonya mlangoni:
"Jua hatulioni hadi Februari. Mlima umelikalia."
Korbinian akacheka. Basi tumelipia kivuli, akasema,
na kifungua kinywa juu yake.

Usiku mto Inn ulipita chini ya dirisha
ukiburuta mapande ya barafu
kama jirani anayehamisha kabati.
Majibu ya hospitali hatukuyagusa.
Tuliongea jibini,
soksi zake zilizolowa,
bei ya bilauri kwa yule mpuliza vioo wa kichochoroni.

Asubuhi tukavuka daraja.
Ng'ambo, kwenye ukuta wa ghala la mbao,
jua lilikuwa limekaa peke yake, bure.

Tukaliegemea, migongo miwili,
hata basi letu likapita
na hakuna aliyeinua mkono.