Oveni Hii Husema Uongo

Saa kumi tu jioni, na jua la Oktoba limeshafunga duka.
Mvua ya Derry haina haraka,
inanyesha kama mtu anayepiga soga mlangoni.
Nje, mtoto wa kina McGlinchey, kajitanda shuka la matundu mawili,
anajikwaa kwenye ukingo wa njia,
anatukana,
kisha anakumbuka kuwa yeye ni marehemu.

Ndani, unga umepoa kwenye friji.
Naukata mikanda, myembamba kama kamba za viatu,
na Oisín, miaka saba, anazivika soseji sanda.
Acha pa macho, namwambia,
hata maiti hutaka kuona nani kaja.
Anaacha pa macho. Anaacha pa mdomo pia,
anaacha pa kupumulia,
mpaka soseji ya sita iko uchi wa mnyama,
mkanda mmoja kiunoni,
kama mtu aliyefumwa akitoka kuoga.

Mifupa ni ya unga wa hamira.
Unachana ncha kwa kisu, unakunja huku na huku,
chumvi ya mawe, na rozimari
niliyoichuma kwa Bi Gormley bila kuuliza.
Vidole ni vya jibini, kucha zake lozi.
Vyote vya chumvi. Peremende watapewa na majirani;
kwangu wale kwanza kitu cha kushika tumbo.

Sasa oveni.
Ilikuwa ya mama, na husema uongo:
ukiiomba nyuzi mia mbili
inakupa mia na sitini, na ahadi.
Mama hakuita fundi.
Alichukua rangi yake ya kucha, ile nyekundu ya Jumapili,
akatia nukta moja pembeni mwa nambari,
na kwa miaka ishirini na mitatu
hatukupika kwa nambari, tulipika kwa nukta.
Januari tulimzika. Nukta ikabaki.

Nainama kuwasha.
Hakuna nukta.
Chuma kitupu, kinang'aa, kinanuka sabuni.

"Nilikusafishia, Shangazi," anasema Oisín,
kifua mbele. "Kulikuwa na damu."

Nilitaka kusema neno.
Nikalimeza, likashuka taratibu kama tonge kavu.
Nikazungusha kwa kubahatisha.
Trei ya kwanza ikatoka nyeupe pe,
sanda zimelegea, soseji zinatoa jasho:
maiti waliobadili nia.

Basi nikavuta kigoda, nikakaa mbele ya kioo.
Nikakumbuka kwamba mama, katikati ya umbea wowote,
hata ule mtamu wa mume wa Assumpta na mchinja nyama,
alikuwa ananyamaza ghafla, kidole juu.
Alikuwa anasikiliza nini?
Nikasogeza moto kidogo. Nikasogeza tena.
Oisín akakaa sakafuni, naye kidole juu,
hajui tunamsubiri nani.

Tk.
Rafu ya bati, ndani, ikitanuka.
Tk, tk.

Tukaingiza trei.
Dakika kumi na nane, na jikoni kukanuka siagi,
haradali, jibini lililodondoka likaungua chini,
na sanda zikaiva rangi ya kahawia ya kiatu kipya.
Yule wa sita, wa uchi, alipasuka tumbo.
Oisín akasema huyo ni wake.

Kisha akaniomba mkono. Hakuwa anautaka mkono,
alitaka nimwinue.
Kwenye mfuko wa joho lake la kichawi
alikuwa na kichupa, rangi ya kucha ya kijani,
ya kujipaka usiku huu.
Ulimi nje, akatia nukta.
Imekwenda kombo, inakaribia mia mbili na thelathini,
na imechuruzika.

Mlango ukagongwa.
Ni yule marehemu wa McGlinchey, amelowa chapachapa,
tundu moja la jicho limehamia sikioni,
anauliza kama kuna haradali.