Mtoto wa Nane

Usiku kucha nimekariri kwa kibatari:
konea, mboni, lenzi, retina;
nyundo, fuawe, kikuku,
vifupa vitatu vinavyoenea kwenye ukucha wangu.

Asubuhi, zahanati ya Mlowa,
Bibi Sechelela akaletwa na mjukuu, vumbi hadi kwenye nyusi.
Nikamulika tochi.
"Ni mtoto wa jicho."
Akacheka. "Nimezaa saba.
Huyu wa nane kaingiaje bila uchungu?"

Nikaeleza: lenzi imepata ukungu.
"Kama dirisha la nailoni," akasema.
"Mwanga upo, watu hawapo."
Daftari langu halina sentensi hiyo.

Kisha sikio la kushoto, usaha wa tangu ujana.
"Kiwambo kimetoboka, bibi."
"Kiwambo?"
Ndiyo, ngozi iliyowambwa,
sauti ikiigonga inatetema.

Akabana magoti, baina yake hamna kitu,
viganja vikapiga hewa:
mbili za polepole, moja ya haraka,
na foleni nzima ya kliniki ikanyamaza
kusikiliza ngoma isiyokuwapo.
"Muheme wangu nao ulitoboka
mwaka ule wa njaa. Tukawamba ngozi ya mbuzi.
Ninyi hamwambi?"

Wanawamba. Huko mjini,
kwa utando mwembamba wa nyuma ya sikio.
"Wa nani?"
"Wako mwenyewe."
"Ahaa. Basi mbuzi amepona."

Nikaandika rufaa mbili, mhuri ukagoma wino.
Alipoinuka akapapasa uso wangu,
vidole vikatua juu ya kope.
"Zina moto hizi," akasema.
"Wewe hujalala."