Friji ya Guaymas

Réjean aliinunua kwa mwanafunzi
aliyekuwa anahama chumba, pale Guaymas,
peso mia nane na bia aliyoahidi akasahau.
Nyeupe, inanifika kiunoni,
mlangoni kibandiko cha timu ya mpira
ambacho mpaka leo kucha zangu hazijakishinda.

Nikamwambia: hicho ni chombo cha nyumba,
kimezoea sakafu iliyotulia na umeme wa ukutani.
Rahisi ghali, nikasema.
Akacheka, akaenda kutafuta msumeno.

Aling'oa kabati la ramani.
Ghuba yote ya California
sasa inalala chini ya godoro, upande wangu;
nikijigeuza usiku nasikia visiwa vinakunjika.

Fundi Nicanor akaja na mita yake,
akafunga inveta, akakaza waya, akatutazama
kama atazamavyo watu wanaofuga mbuzi ghorofani.
"Kuamka ndiko kunakokula," alisema.
"Ikishaamka haina makuu. Lakini kila ikiamka
inameza mara sita ya chakula chake."
Nikamgeukia Réjean.
Miaka thelathini na mmoja mimi ndiye ninayemwamsha.

Na kweli. Usiku injini yake ndogo ikishtuka
taa ya kusomea inakonyeza, mara moja tu,
nami, kitabu kifuani, naijua hali ya betri
kama mama ajuavyo homa kwa kiganja.

Siku ya kwanza ya safari tulisahau jambo moja:
mlango unatazama kushoto.
Upepo ukatujia kuliani, boti ikalalia ubavu,
mlango ukafunguka taratibu, kwa adabu,
ukatutolea mayai kumi na mawili,
mtindi, nusu papai.
Siku hizi tunaufunga kwa mkanda wa suruali
uliokuwa wa baba mkwe wangu.

Barafu yake ikiyeyuka maji hayana pa kwenda:
tezi, omo, marejeo ngamani.
Nayafyonza kwa sponji. Silaani.
Sio kila siku.

Majirani zetu hapa Bahía Concepción,
Ingeborg na Tjalling, wana sanduku la ubaridi
lililoundwa mahususi kwa bahari,
bei yake ingeninunulia meno mapya, ya juu na ya chini.
Wakija jioni huitazama yetu wakatikisa vichwa.
Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni:
siagi yangu inakatwa kwa kisu,
na sanduku lao lina miezi miwili
linasubiri kifaa kutoka ng'ambo.

Halafu Septemba ikatuletea mawingu siku nne.
Paneli za jua zikawa meza za shakwe.
Haba na haba hujaza kibaba,
haba na haba pia hukikomba.
Volti kumi na moja na nukta tisa.
Taa ya nanga, au siagi?
Tukala kila kitu: jibini, samaki, soseji ya mwisho,
tukawaita majirani wamalizie mtindi,
kisha nikabonyeza swichi.

Kimya.
Sikujua tulikuwa tunaishi ndani ya mngurumo.
Maji yakagonga ubavu wa boti. Réjean akakohoa.
Halafu, gizani: "Unaikumbuka friji ya Rimouski?
Ile kubwa. Na mchoro wa Maëlle mlangoni,
farasi mwenye miguu sita.
Nani anayo sasa?"

Mimi nilidhani anayeililia nyumba ile
ni mimi peke yangu.
Tukaipitia chumba kwa chumba,
mpaka kwenye ngazi iliyokuwa ikilia
na msumari ambao hakuupigilia kamwe.

Siku ya tano jua likatoka kama lisilo na kosa.
Friji ikashtuka, taa ikakonyeza,
naye akaikata sentensi katikati
akaenda kusoma mita.

Sasa kila Alhamisi usiku naizima.
Akiuliza, nasingizia betri.