Siku ya Tisa

Hashil amepiga simu saa tatu asubuhi,
kwa sauti ya dukani, ile iliyopakwa sukari:
"Mhandisi, ile mpya imeingia."
Mimi si mhandisi. Nikamwuliza, mpya ipi?
Kadi ya grafiksi ninayo, ina siku tisa tangu niitoe kwako,
hata nailoni ya ubavuni sijaibandua.
"Hiyo ilikuwa mpya. Hii ni mpya zaidi.
Lete boksi, lete risiti, niongezee laki sita.
Mwisho Jumamosi."

Kipya kinyemi, ingawa kidonda.
Waliosema hivyo hawakutuambia
kipya kikikutwa na kipya mwenziwe
kidonda kinahamia wapi.

Niliibeba toka Mtaa wa Aggrey kama mtoto wa siku arobaini,
boksi mapajani, bajaji ikiruka matuta ya Kigogo.
Nilipoichomeka, feni zake tatu zikavuta pumzi,
na nyumba ya Mzee Mchopa, ghorofa moja, Goba,
ambayo kadi ya zamani ingeichemsha usiku kucha hadi adhana,
ikaiva kabla chai yangu haijapoa.
Nikacheka peke yangu.
Tumpe akauliza nyuma ya pazia,
"Umetumiwa hela?"

Sasa hiyo mpya zaidi
itaivisha nyumba chai ikiwa bado jikoni.
Dakika nne, badala ya saba.
Nimekaa nazipigia hesabu dakika tatu:
ni mifuko thelathini na saba ya saruji
kwa bei ya jana pale Chanika,
ambako nyumba yangu imefika kwenye lenta
na kuota mbaazi sebuleni.

Ndiyo kazi yangu, kuchora nyumba za watu
kabla ya tofali la kwanza.
Naweka jua la saa kumi na moja kwenye vioo,
naweka gari ambalo mwenye nyumba hana,
naweka nyasi. Wateja wanazipenda nyasi.
Yangu sijawahi kuichora.
Naogopa itapendeza.

Alhamisi nikaenda. Kutazama tu, nilimwambia Tumpe,
na boksi nikalichukua.
Hashil akailaza ile nyingine juu ya kioo cha kaunta:
nyeusi, nene kama tofali la inchi tano,
feni tatu vilevile.
"Hii yangu ukiichukua, utamwambia mteja ni nini?"
Hakuinua macho kutoka kwenye simu yake.
"Mpya."
"Na hiyo?"
"Mpya."
"Na itakayoifuata?"
Akanisogezea kiti cha plastiki.
"Ya Machi? Hiyo bado haijawa mpya."

Umeme ukakatika. Mtaa mzima ukajaa majenereta.
Nikaipapasa kaunta, nikachukua iliyo yangu.
Niliijua kwa nailoni.

Nyumbani nikaibandua, polepole, kwa kucha.
Atupele akaiomba, akaivaa usoni,
akazunguka chumba akituita watu wa bluu.
Ijumaa Hashil alipiga mara mbili.
Jumamosi hakupiga.

Usiku huu naichora ya Chanika.
Nimeiwekea bati, sikuiwekea gari.
Mbaazi nimeziacha palepale.
Nimebonyeza, nimesimama dirishani nikizihesabu
dakika saba.
Ni ndefu. Sitadanganya.