Tezi Chini ya Sikio

Gaaju aligoma kula Jumanne, alfajiri.
Baba akapitisha kidole chini ya sikio lake,
akakuta uvimbe, mgumu kama kokwa la parachichi.
Hakusema neno. Akanipigia simu Rushere,
mimi wa maabara.

Nilichoma tezi sindano, tone nikalitandaza kiooni,
nikalitia rangi, nikasubiri nusu saa
jenereta ikikohoa uani.

Vitabu vya chuo vilisema: jeshi.
Chembe nyeupe ni askari, damu barabara, tezi kambi.
Mimi niliyelelewa zizini niliziona vingine:
wachungaji wa zamu ya usiku,
wamjuao mgeni kwa harufu kabla ya sura,
wakeshao ili ng'ombe alale.

Lakini huyu aliyeletwa na kupe
hapigani na mchungaji.
Humwingia.
Huvaa koti lake la mvua, hushika fimbo yake,
humwambia: zaa. Naye huzaa,
wawili, na wote wawili wana mgeni tumboni,
wanne, na wote wanne.
Hivyo tezi hufura. Ukiigusa utadhani ni nguvu.

Kwenye hadubini, madoa ya buluu
ndani ya chembe ileile iliyotumwa kuyazuia.
Nikamwambia Baba: ndigana kali.
Akalirudia jina kwa Kinyankore,
kwa sauti ya mtu anayemjua mwenyewe.

Ijumaa Gaaju alikufa, povu puani.
Pembe zake ndefu ziliukataa mlango wa pikapu;
tukamgeuza mara tatu.

Ndama wake tulimchanja.
Chanjo yenyewe ni mdudu yuleyule, hai,
katolewa kwenye mtungi wa baridi kali,
na siku hiyohiyo dawa ya kumfunga mikono.
Siku ya kumi na mbili homa ilikuja, ikachungulia,
ikaondoka.
Wengi wa wachungaji wale walikwisha kufa.
Wachache wamebaki kwenye tezi, kimya,
wakilijua koti hata likivaliwa na mwingine.

Ndama ana hereni ya njano sikioni: amechanjwa.
Baba ameisoma namba, ameikubali.
Ila kila alfajiri, kabla ya chai,
bado hupitisha kidole pale chini ya sikio,
polepole,
kama mtu atafutaye sarafu gizani
akiomba asiipate.